Filamu ya Ng'ambo ya Uwanja

Kocha Delmar Krikava hakuwa mtu wa kutazama sura. Alimtambua mtu kwa mwendo, hata kwa mbali, hata kama hajamtia machoni kwa miaka ishirini: nani hutanguliza bega, nani hukanyaga kwa kisigino, nani goti lake huingia ndani akichoka. Kwa misimu ishirini na saba aliwafundisha vijana wa Prosek mpira wa Kimarekani, ule wa kushika mikononi, wanane kila upande, maana mji ule haukuwahi kuzaa wavulana wa kutosha kumi na mmoja. Katika misimu yote hiyo hakuna mwendo uliompotea.

Kwa hiyo ile siku ya Septemba, miezi saba baada ya kumzika mkewe, aliposimama anasuuza sahani yake moja na uma wake mmoja, akajaribu kumkumbuka Arlene akitoka mlangoni kwenda kwenye sanduku la barua, akamkosa, aliogopa. Alifunga bomba. Akatazama njia ile ya kokoto nje ya dirisha, akamweka mkewe pale kwa nguvu, na koti lake la kijani. Koti lilikuja. Mtu mwenyewe alisimama tu kama nguo kwenye kamba.

Mengine yote aliyakumbuka. Alikumbuka sauti yake akiwaita kuku. Alikumbuka kwamba mwaka wa sitini na sita, chuo kimoja cha Kansas kilipomwita Delmar awe kocha msaidizi, Arlene alishafunga nusu ya vyombo kwa magazeti kabla mumewe hajasema kwamba mahindi yakishaota hayahamishwi. Akavifungua vyombo vyote na kuvirudisha kabatini bila neno. Alikumbuka hata ile chupa ya kahawa ya chuma aliyopanda nayo juu ya paa kupiga filamu kila mechi, yenye vifuniko viwili vya kunywea. Ijumaa jioni vyote viwili vilikuwa vichafu. Delmar alimtania, "Umepata bwana huko juu?" naye akajibu, "Nimepata, ila ni mkimya." Hayo yote yalikuwepo. Ila mwendo wake, kitu ambacho Delmar alikijua kwa kila mchezaji aliyepita mikononi mwake, ulikuwa umeanza kufutika.

Picha za ukutani hazikumsaidia. Picha haitembei.

Akateremka chumba cha chini, kwenye mikebe ya filamu. Ilikuwa zaidi ya mia mbili, imepangwa kwa miaka, na mwandiko wa Arlene kwenye kila mfuniko. Aliipiga yeye yote, kutoka paa la kibanda cha mtangazaji, kwa baridi na kwa upepo, kwa sababu mwaka wa kwanza shule haikupata mtu mwingine, na mwaka wa pili hakuna aliyeuliza tena. Delmar alifungua mikebe sita mchana ule. Akamwona Kubicek, yule aliyekuja kucheza misimu miwili ya kulipwa kisha akarudi kulima kwa baba yake. Akawaona akina Hruza wote wanne. Alijiona mwenyewe, kijana, mwenye nywele, anapiga makelele. Prosek nzima ilikuwemo humo, isipokuwa aliyeshika kamera.

Wazo lilimjia akiwa bado ameinamia mkebe wa saba. Timu ngeni nazo hupiga filamu zao. Zikija Prosek, mpiga picha wao husimama upande wa pili, juu ya lori la nafaka, anatazama huku. Na huku kuna nini? Kuna benchi la Prosek, na nyuma ya benchi kibanda, na juu ya kibanda Arlene.

Filamu hizo hakuwahi kuziona hata moja. Makocha wa kule hubadilishana mikanda ya mechi za wengine: wiki ya kucheza na mtu, Jumamosi asubuhi mnakutana katikati ya njia, unampa mechi yako ya jana naye anakupa yake, kila mmoja akaisome ya mwenzake. Mechi yenu wenyewe ikishapita, nani aitake iliyopigwa na mpinzani?

Siku tatu alipiga simu. Wa kwanza alisema shule yao iliuza mikanda yote kwa watu wanaoyeyusha na kutoa madini ya fedha. Wa pili alisema panya. Wa tatu alikuwa amekufa tangu masika, na mjane wake akamweka Delmar kwenye simu nusu saa kwa sababu naye hakuwa na wa kuongea naye. Akabaki mmoja tu, na Delmar alijua tangu mwanzo kwamba ndiye. Wendell Haase, kocha wa zamani wa Alder Flats, hakuwahi kutupa kitu. Tatizo ni kwamba tangu mwaka wa sabini na moja Delmar Krikava na Wendell Haase hawakuwa wamesemeshana.

Nani hajui habari ile? Jumamosi moja, pale kwenye kituo cha mafuta cha njia panda, Haase alimpa mkanda, na Delmar alipofika nyumbani akaona umeungwa. Mchezo mmoja, yaani shambulizi moja lililopangwa, haupo. Ijumaa iliyofuata Haase akaucheza mchezo huohuo dakika za mwisho, akashinda, na ubingwa wa eneo ukaenda Alder Flats. Jumamosi yake Delmar alimfuata kituoni, mbele ya watu waliokuwa wanajaza mafuta, akamwuliza, "Umekatika au umeukata?" Haase akasema umekatika. Delmar akamwita mwizi. Kuanzia hapo mikanda yao ilibadilishwa na wasaidizi, na wazee wawili wale, waliozaliwa maili thelathini tu mmoja toka kwa mwenzake na kulelewa kwa mchuzi uleule wa nguruwe na kabichi, wakawa hawapeani hata salamu.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumatano Delmar alivaa shati safi, akawasha pikapu.

Aliyefungua mlango ni Bernice, mke wa Haase. Alimtazama juu mpaka chini, mikono ina unga.

"Haya, leo mvua itanyesha mawe. Wendell! Njoo uone aliyesimama hapa."

"Kama ni yule wa bima mwambie nimeshakufa," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Siye wa bima. Ni Krikava."

"Basi mwambie nimekufa mara mbili."

Bernice alimshika Delmar mkono kwa ule mkono wake wa unga. "Pole sana kwa Arlene. Nilikuja kanisani, sijui kama uliniona."

"Nilikuona. Mikate yako ya kolachi ililiwa yote."

"Na huyu wangu alikaa ndani ya gari ibada nzima. Usimwambie nimekwambia."

Delmar alikuwa ameliona gari, na alikuwa ameliona kofia ndani yake. Haase akatokea ukumbini, ameshika fimbo, tumbo limemtangulia.

"Umezeeka, wewe bwana," alisema Haase.

"Na wewe hujaachwa nyuma."

"Mimi nilianza na sura mbaya, sina cha kupoteza. Unataka nini?"

"Mkanda. Mechi yoyote mliyocheza kwetu. Shule inakusanya kumbukumbu."

Uongo huo aliutunga njiani, na ulimtoka vibaya. Kusema ukweli, kwamba amesahau mke wake alivyokuwa akitembea, hakungewezekana pale, mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimwita mwizi. Haase alimkazia macho muda mrefu.

"Miaka kumi na tano hujaniambia hata pole ya chafya. Leo shule inakusanya kumbukumbu."

"Ndiyo."

"Na wamekutuma wewe."

"Ndiyo, bwana. Unao au huna?"

Haase aliondoka akikokota mguu. Alirudi na mkebe mmoja ulioandikwa Prosek, kwao, 1974, akaushikilia kifuani.

"Mmoja tu umebaki. Jumamosi, saa nne asubuhi, palepale njia panda. Na mkanda uje mzima, Krikava. Nitaupitisha vidoleni, futi kwa futi."

"Utakuja mzima."

"Neno lako?"

"Neno langu," alisema Delmar, na uso ulimwaka moto.

Hakula chakula cha mchana. Alitundika blanketi dirishani sebuleni, akaweka projekta juu ya meza ya kulia, akaielekeza kwenye ukuta mweupe. Vijana wa mwaka ule wakaanza kukimbia. Juu kabisa, ukingoni mwa picha, kulikuwa na paa la kibanda, na juu ya paa kitu cha kijivu, kidogo kama kidole gumba.

"Ndiye," alisema kwa sauti, peke yake.

Kila mchezo ulipoanza alikuwepo, na kila ulipokwisha picha ilikatwa. Ameinamia kamera, hasogei, ni kazi tu. Dakika ya tano, dakika ya saba, vilevile. Delmar alianza kuingiwa na hofu kwamba ndivyo mkanda mzima utakavyokuwa, mwanamke aliyesimama wima kama mlingoti. Ikafika mapumziko. Na hapo yule mpiga picha wa Alder Flats, mwalimu wa kilimo, mtu mzembe Mungu ambariki, alisahau kuzima kamera.

Arlene alinyanyuka. Akatembea hatua tatu kuelekea ukingo wa paa, na mara Delmar akakumbuka yote: alikuwa akinyanyua mguu juu kidogo kuliko haja, kama mtu anayepanda ngazi hata penye tambarare. Bila shaka. Angewezaje kusahau? Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa, naye hakuyafuta, maana mikono ilikuwa kwenye projekta.

Akarudisha nyuma. Hatua tatu. Akarudisha. Ndivyo alivyosoma filamu maisha yake yote, mchezo mmoja mara arobaini, hadi aone anachokitafuta, na baada ya hapo aone ambacho hakukitafuta.

Mara ya kumi ndipo alipotazama mikono yake. Arlene alikuwa ameshika chupa ya kahawa. Alimimina kifuniko kimoja, akakiweka ukingoni mwa paa, kwa uangalifu, mshikio upande wa nje. Akamimina cha pili. Kisha akakiinua hicho cha pili, kuelekea chini, kama mtu anayemkaribisha mwenzake, na akangoja.

Chini yake, katika picha ileile, alikuwepo Delmar. Amechuchumaa mbele ya vijana, anachora ardhini kwa kijiti, mdomo wazi, mgongo kwa kibanda. Tangu picha ya harusi hawakuwahi kuwa kwenye picha moja. Arlene alingoja na kikombe hewani. Yule mwanamume wa chini hakugeuka. Arlene akanywa cha kwake, kile cha kwanza kikabaki ukingoni kinatoa moshi, na mwalimu wa kilimo akakumbuka kamera yake. Sekunde kumi na moja.

Ingekuwa Ijumaa moja tu, mtu angesamehewa. Lakini vikombe vilikuja vichafu Ijumaa zote, misimu ishirini na saba. Na jioni ile ya mwaka wa sabini na nne, Delmar alikumbuka vizuri sana, walishinda, na Arlene alipoteremka ngazi na kamera begani, alichomwuliza ni kama ameupata ule mchezo wa mwisho wa kona.

Akarudisha. Akarudisha tena. Alikuwa anamtazama yule mwanamume sasa, anamsukuma kwa macho: geuka, mpumbavu wewe, geuka mara moja tu. Mara ya arobaini, au ya hamsini, projekta ilikohoa, ukuta ukawa mweupe, na ncha ya mkanda ikaanza kupiga meza, pa, pa, pa.

Ulikuwa umekatika palepale, kikombe kikiwa hewani.

Delmar alikaa kitako. Halafu akaenda kabatini kuleta boksi la viatu la Arlene, lenye kifaa chake cha kuungia, gundi yake na mkasi wake. Picha tatu zilikuwa zimeraruka pembeni kwenye matundu, haziungiki. Alizikata, akaziweka kwenye mfuko wa shati. Na akiwa ameshika mkasi vile, akaona jambo jingine. Mkanda ulishakatika upande mmoja. Akikata mara moja zaidi, pale Arlene anaponyanyuka, kipande kile kitakuwa chake mpaka kufa. Haase atajua nini? Ataona kiungo. Kiungo kitakuwepo tu.

Mkasi ulikaa mkononi mwake muda ambao kahawa ingeweza kuchemka na kumwagika. Mwizi, alimwambia mwenzake, mbele ya watu. Nyani haoni kundule. Akaweka mkasi chini, akapaka gundi, akaunga.

Jumamosi saa nne kasoro Haase alikuwa ameshafika, pikapu yake ameielekeza barabarani kama zamani, tayari kuondoka. Waliteremka wote wawili. Delmar akamkabidhi mkebe, na Haase, kama alivyoahidi, akaufungua juu ya boneti na kuanza kuupitisha vidoleni. Ilichukua muda. Watu wawili waliokuwa wanajaza mafuta waliacha kujaza, wakawa wanatazama.

Vidole vya Haase vikasimama. Akainua mkanda juani.

"Umekatika," alisema polepole, "au umeukata?"

Haase alingoja miaka kumi na tano kuliuliza swali hili, na sasa alipoliuliza alionekana hana raha nalo.

"Umekatika," alisema Delmar. "Nilirudisha nyuma sana. Picha tatu zimeharibika." Alitia mkono mfukoni, akazitoa, kipande kidogo kuliko ukucha mrefu. "Hizi hapa. Zilizobaki zote zimo. Na hakuna shule inayokusanya chochote, Wendell. Ilikuwa ni Arlene."

Haase alichukua kile kipande, akakiinua juani, akafumba jicho moja.

"Ndiye huyu mwenye kikombe?"

"Ndiye."

"Anamkaribisha nani?"

Delmar alijinyooshea kidole mwenyewe, kifuani.

Haase aliteremsha mkono, akatazama ng'ambo, kule kwenye mashamba ambako mashine zilikuwa zinavuna. "Ule wa sabini na moja ulitafunwa na projekta," alisema. "Bernice akakata mita moja hivi akatupa. Nilimgombeza siku mbili."

"Nakuamini."

"Sasa hivi ndiyo unaniamini."

"Sasa hivi. Nisamehe, bwana. Nilikuaibisha mbele za watu, na nakuomba msamaha mbele za watu." Wale wawili wa mafuta wakageuka haraka kutazama magurudumu yao.

Haase alirudisha mkanda ndani ya mkebe, taratibu, akafunga mfuniko, akaweka kile kipande cha picha tatu juu yake. Kisha akavisukuma vyote kwenye boneti mpaka vikamgusa Delmar mkono.

"Kaa nao. Nitautaka msimu ukiisha."

Wote wawili walikuwa wameshastaafu, mwaka mmoja na siku moja, na hakuna aliyekuwa na msimu.

"Utaupata," alisema Delmar. Alikuwa amebeba ile chupa ya chuma kwenye kiti cha pikapu. "Una dakika? Nina kahawa."

"Daktari kaninyima. Moyo." Haase alionekana kusikitika kweli. "Na Bernice ananingoja twende kwa binti yake. Siku nyingine, Krikava."

"Siku nyingine."

Akaondoka. Wale wa mafuta nao wakaondoka. Delmar aliendesha kurudi Prosek, akapita nyumba yake bila kusimama, akaenda hadi uwanjani. Palikuwa patupu; timu ilikuwa imecheza jana ugenini. Nyuma ya kibanda ngazi ilikuwa palepale. Katika misimu ishirini na saba hakuwahi kuipanda. Aliihesabu sasa kwa sababu goti lilimlazimisha: vipago kumi na vinne, na Arlene aliipanda na kamera begani na chupa kwapani.

Upepo wa huko juu ulikuwa mkali kuliko alivyodhani. Uwanja mzima ulionekana, na mahindi nyuma yake, na mnara wa maji wa Alder Flats kwa mbali. Lakini kilichoonekana kuliko vyote ni lile baka lisiloota nyasi mbele ya benchi, pale aliposimama yeye Ijumaa zote zile. Lilikuwa karibu sana. Mtu asingehitaji hata kupaza sauti.

Alimimina vikombe viwili. Kimoja akakiweka ukingoni, mshikio upande wa nje. Cha pili akakiinua kuelekea chini, akangoja.

Hakuna aliyegeuka.